Waya wa Skrubu Mbili

Jirani aliwahi kuniuliza, "Mama, ni kweli wanao walitoana damu kwa sababu ya waya wa kompyuta?"

Ni kweli. Marehemu mume wangu alituachia chumba cha kuchapia barua za watu, na mwanangu mkubwa hakutaka kitu kiguswe. Mdogo akaja na skrini mpya, yenye waya wa kichwa chembamba, unachomeka mara moja basi.

"Kaka, huo wako ni wa makumbusho. Picha imepauka kama tambara la deki."

"Wako hata paka akiugusa unatoka. Huu wa baba hautoki."

"Hautoki?"

Mdogo akaukamata waya wa zamani, akauvuta kwa nguvu zote. Alisahau kwamba kichwa chake kipana hukazwa kwa skrubu mbili. Skrini ya baba yao ikaja nao, ikapasuka sakafuni, na kichwa kikang'oka na skrubu zake.

Mkubwa aliuokota waya ule, akamchapa nao usoni. Nyusi ikapasuka. Mdogo, damu ikimwingia machoni, alimkaba koo na kumgongesha ukutani. Niliona leo nazika mtoto. Nikamtaja Mungu, nikajitia katikati, na pigo la waya lililofuata, la mkubwa, likanipata mimi begani.

Wote wawili wakaganda.

"Ongeza," nikamwambia mkubwa. "Mama yako bado amesimama."

Akaudondosha waya, akaruka vile vioo vya skrini, akatoka.