Ngazi Tatu za Mtaa wa Fallon

Kila Jumamosi saa moja asubuhi Odessa Tillery hushuka kwenye tramu na ndoo yake, brashi ngumu na kopo la unga wa kusugulia, akaingia jengo la maabara la chuo kikuu, huko magharibi mwa Filadelfia ambako vyuo binafsi vimebanana kama meno mdomoni. Mlinzi, Purnell, humfungulia. Ngazi zake huwa zimeshafika tangu saa kumi na mbili na nusu: tatu, za marumaru nyeupe, katikati ya ukumbi wa mapokezi, hazielekei popote.

Ndizo zilizokuwa mbele ya nyumba yake, namba 34, Mtaa wa Fallon, kabla chuo hakijauchukua mtaa mzima na kuubomoa kijenge maabara. Ya pili ina ufa, pale marehemu mumewe Wendell alipoangusha jiko la chuma. Wanawake wa mtaa ule walisugua ngazi zao kila Jumamosi, na za Odessa, kwa kuwa zilishazoea, zilirudi kusuguliwa.

Mwanzoni chuo kilileta winchi kuziondoa, zikarudi. Baadaye kikaziweka kwenye ramani ya wageni. Wanafunzi walizipenda, wakawa wanakaa hapo na kahawa zao.

"Inuka, baba," Odessa humwambia mmoja wao. "Hayo makalio hayajanisaidia kusugua."

Huyo huinuka akicheka, na mara nyingine humletea mkate wa kusokota wenye chumvi.

Mwaka huu chuo kilitangaza nafasi kumi za masomo kwa watoto wa majirani. Corinne, mjukuu aliyemlea mwenyewe, alikuwa akiitaka ile maabara tangu ana miaka tisa, alipokuwa akichungulia vioo vyake bibi yake akisugua. Akaleta fomu. Palipoulizwa nyumbani kwa familia, Odessa akachukua kalamu akaandika: 34, Mtaa wa Fallon.

"Bibi, pale ni maabara. Sisi tunakaa kaskazini."

"Kule tunalala tu," Odessa akasema. "Wameuliza nyumbani."

Jumamosi iliyofuata ngazi zilikuja na mlango. Wa kijani, wenye tundu la barua la shaba. Odessa alisema umechelewa, akaufuta vumbi. Purnell akaling'arisha tundu kwa mkono wa sweta yake.

Majibu yalitoka Aprili. Ofisi ya udahili iko ghorofa ya pili ya jengo hilohilo. Barua iliteremshwa, ikapelekwa posta, ikazunguka mji siku tatu, na Jumamosi saa tatu mleta barua akairudisha ukumbini. Alipanda kwa ncha za viatu maana palikuwa pamelowa, akaitumbukiza tunduni, akaenda zake. Odessa akafungua mlango. Ndani palinukia sabuni ya kunyolea ya Wendell. Akaokota barua mkekani, akampa Corinne, aliyefuatana naye siku hiyo.

Iliandikwa kwa heshima. Ilisema binti huyu anafaa kabisa, ila Mtaa wa Fallon haupo, na nafasi zile ni za wanaokaa mitaa iliyopo.

Purnell akapiga simu juu. Aliwaeleza kwamba anaongea nao akiwa ameuegemea mlango wenyewe. Akasikiliza, akakata.

"Wametazama ramani, mama. Wanasema kuna ngazi. Mtaa hakuna."

Corinne akakaa kwenye ngazi ya ufa, karatasi magotini, akalia kidogo. Odessa alimwacha amalize. Kisha akamsogezea ndoo na brashi, ambavyo hakuwahi kumwachia mtu.

"Anza ya juu," akamwambia. "Maji machafu huteremka."

Saa sita mchana mkuu wa udahili, yule aliyetia sahihi barua, alishuka kwenda kula. Alikuta ngazi bado mbichi. Akamwamkia Odessa kwa jina lake, akamsifu mjukuu kwa kazi nzuri, akapita kandokando ya ukuta, taratibu, asije akachafua ngazi za watu.