Nguo ya Kakakuona

Goretti alikuwa uani kwake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anachambua maharage, kakakuona alipoingia kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mwilini hakuwa na gamba hata moja.

"Koko, uko na mugeni," alisema jirani yake, Doriane, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Namuona. Umuletee maji."

"Anatoka wapi huyu?"

"Avae kwanza. Tutamuuliza kisha."

Ndivyo akina mama wa kanisa lao walivyowapokea wote waliotoka Kivu: mgeni aliye uchi haulizwi habari. Goretti akakata kitenge vipande vidogo kama kucha, akavishona kuanzia mkiani kwenda juu, kimoja kikilalia kingine. Kakakuona aliinua mkono kila alipoambiwa. Alipokwisha kuvaa, akajiviringa, kama wafanyavyo wenzake wakiogopa. Goretti akamgusa. Alikuwa laini kama mto.

"Nguo inazuia baridi," alisema. "Haiwezi kuzuia meno ya imbwa."

Kambini kila mtu alijua magamba huenda kwa Nestor, mwenye gari la maziwa, kule Ruti, Mbarara. Kesho yake Goretti akambeba mgeni mgongoni, akaenda kumwombea magamba yake. Mwenye bodaboda alipunguza mwendo kwenye mashimo, akidhani mgongoni kuna mtoto.

Nestor alimkalisha Goretti kivulini, akampa chai ya maziwa, tena akampoozea mwenyewe.

"Ile magamba iliisha kwenda, nyabo. Sasa iko ndani ya ndege."

"Yote?"

"Yote. Huko wanasaga dawa."

"Na huyu atajikinga na nini?"

Nestor alipapasa mgongo wa kakakuona polepole. Machozi yakamlengalenga.

"Lakini umeshona muzuri, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya, cha aina isiyochuja.

"Chukua. Wengine watakuja."

Wakaja kweli. Wa kwanza alikuwa mama, mwanawe amempanda mkiani, wote wawili uchi. Doriane akawapa nafasi mkekani.

Nestor hakusahau. Kila alipopeleka magunia ya magamba uwanja wa ndege, siku hiyohiyo alituma kitenge Nakivale. Goretti alimwombea baraka, akaketi kukata, akaanza na nguo ndogo, kwa maana watoto ndio husikia baridi kwanza.