Goti la Kushoto

Tangu Santosh afariki, Rajkali alikuwa akifanya kila kitu vizuri bila kuhisi chochote. Alikamua nyati, alikanda unga, aliwasha moto, alijibu salamu. Wanakijiji wa Khedi walimsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: upo, unauona, unasimama juu yake, lakini ukiugusa unakuwa kama mguu wa mtu mwingine.

Santosh alikuwa mke wa mwanawe. Homa ilimchukua kwa siku sita tu, mwezi wa kumi. Ndiye aliyekuwa akiwafunga wasichana wa timu ya kabaddi plasta na bendeji kabla ya mechi, vifundo, vidole na magoti, na Rajkali alikuwa akikaa kando yake akimshikia mkasi na kusikiliza umbea. Baada ya msiba wasichana walikuja wenyewe, kila mmoja na plasta yake mkononi, wakaketi mbele ya bibi na kunyoosha miguu. Hakuna aliyemwomba wala aliyempa pole tena. Walinyoosha tu miguu, naye akaanza kufunga. Kuanzia siku ile, kila alfajiri aliikuta mitungi yake imejaa maji, na hakuna msichana aliyekubali kusema ni nani aliyeijaza.

Sasa ilikuwa mwezi wa pili, asubuhi ya ukungu, na walikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha uwanja wa wilaya. Nje, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, walikaa watu watatu kutoka shirika la reli. Walikuwa wamekuja kuchagua wachezaji wa timu yao, na anayechaguliwa hupewa kazi ya kudumu. Aliyetazamiwa kutoka Khedi alikuwa Sheetal, binti wa Santosh, mwenye miaka kumi na tisa. Yeye alikuwa akiingia upande wa wapinzani huku akitamka "kabaddi, kabaddi" kwa pumzi moja, anagusa mtu, na anarudi kwao kabla hawajamkamata.

Lakini wiki tatu nyuma alianguka mazoezini. Daktari wa mji wa Rohtak alisema kano ya goti la kushoto imechanika nusu. Alimpa kifaa cha kukaza goti chenye vyuma ubavuni, akamwambia apumzike.

"Na nikilazimika kucheza?" Sheetal aliuliza.

"Kwanza, usicheze. Ukikaidi, lifungwe sawasawa. Nusu iliyobaki ikikatika, hutacheza tena."

Vyuma haviruhusiwi uwanjani. Kwa hiyo ilibaki plasta, na mikono ya Rajkali.

Mwalimu Dharambir aliingia, akafunga mlango na kuchuchumaa karibu na bibi. Alikuwa mtu mpana, masikio yamevimba kwa miaka ya mieleka.

"Mama mkubwa," alinong'ona, "leo tunafunga la kulia."

"La kulia ni zima."

"Ndiyo maana. Unajua desturi."

Aliijua. Wilaya nzima waliijua. Goti bovu huachwa wazi kama halina neno, na zima hufungwa plasta nene, ili wakabaji wahangaike na mguu usio na kasoro. Santosh mwenyewe alikuwa akifanya hivyo, akicheka, akiwaambia wasichana wachechemee kidogo kwa mguu mzima wakati wa kuingia.

"Funga yote mawili," alisema Sheetal, akitazama ukuta.

"Ulijaribu juzi," mwalimu alisema. "Ulikimbia kama ng'ombe aliyefungwa kamba miguuni. Watu wa reli watachagua ng'ombe?"

Wasichana wawili walicheka. Sheetal hakucheka. Tangu mwezi wa kumi, naye alikuwa kama bibi yake: anakula akipewa, analala akiambiwa. Siku alipoanguka aliinuka na kuendelea kukimbia, na mwalimu ndiye aliyeona goti limevimba.

"Wapinzani wana Babli," mwalimu aliendelea. "Yule wanamwita Kufuli. Akijua ni la kushoto, kwisha habari. Mama mkubwa, la kulia. Nakuomba."

Akatoka kwenda kujaza fomu.

Rajkali aliweka kisigino cha mjukuu wake juu ya taulo lililokunjwa. Alichukua kitambaa laini cha kutanguliza kabla ya plasta. Alikuwa na nia ya kutii. Hata alianza kusogea upande wa kulia. Kisha akauona uvimbe wa kushoto, mdogo kama kitunguu chini ya ngozi, na mikono ikaenda huko. Haikuwa ushujaa. Mwanamke mwenye moyo mchangamfu pengine angeweza kufanya hila ile, angepima faida na hasara. Yeye alichokuwa nacho kilikuwa kidogo: nyumba yake ilikuwa imetoa mtu mmoja tayari, na asingeliacha goti hili liende uwanjani likiwa tupu.

Alilikunja goti hilo kidogo. Akazungusha plasta juu, akazungusha chini. Akapitisha vipande mshazari ubavuni, kimoja juu ya kingine, akivuta kwa nguvu ile ile kila mara, akikata kwa meno kwa sababu mkasi ulikuwa mbali. Akabonyeza kidole gumba cha mguu mpaka kikawa cheupe, akasubiri damu irudi.

"Bibi, mwalimu alisema kulia."

"Nimemsikia. Inabana?"

"Hapana."

"Simama. Chuchumaa. Inuka."

Sheetal alifanya hivyo. Kisha akainama, akapiga kofi dogo begani kwa bibi yake, namna anavyompiga mchezaji mwenzake, akatoka.

Mwalimu alipoliona goti uwanjani alishika kichwa. "Mama mkubwa! Umewapelekea barua yenye anwani!"

"Imeshafika," alisema Rajkali, akaketi kwenye benchi.

Upande wa pili, Babli alikuwa msichana mfupi, shingo nene, mikono kama ya fundi chuma. Alilitazama goti la kushoto la Sheetal kwa muda. Kisha akaangua kicheko.

"Oyaa, Khedi! Nani kawafundisha kudanganya, watoto wa chekechea? Mmelifunga kama zawadi ya harusi!"

"Njoo ulifungue basi!" alijibu msichana mmoja wa Khedi.

"Mimi hilo siligusi, dada. Mimi nataka lile mnalolificha."

Akawageukia wenzake, akawaelekeza kwa kidole kwenye goti la kulia.

Rajkali aliona, ila ilimchukua muda kuelewa. Sheetal aliingia, midomo ikitamka, na wakabaji wakaja wote upande mmoja. Babli alijirusha kwenye mguu wa kulia, ule mzima, wenye nguvu za kuvuta jembe. Sheetal akaburuta watu wawili mpaka mstari wa katikati, akaugusa kwa ncha za vidole. Pointi mbili. Akaingia tena. Wakaenda kulia tena. Mwalimu Dharambir aliacha kushika kichwa, akakaa polepole kando ya bibi.

"Hawaamini," alisema. "Mama mkubwa, hawaamini!"

"Hakuna aliyewahi kufunga lenye ugonjwa," alisema Rajkali.

Walibishana na mguu ule wa kulia mechi nzima. Kila walipoukosa waliona ni bahati mbaya, wakaurudia kwa hasira zaidi. Sheetal alichubuka paja, akapasuka mdomo. Plasta ya kushoto ilitoka na vumbi tu. Khedi walishinda kwa pointi nne.

Wasichana waliruka, wakamwagiana maji. Rajkali alisimama katikati yao akingoja furaha imfikie. Haikufika. Akaanza kuokota vipande vya plasta chini.

Sheetal aliitwa kwenye meza ya kijani. Aliporudi aliketi mbele ya bibi, akanyoosha mguu.

"Wamesemaje?"

"Walisifu miguu yangu. Wakauliza kama nina jeraha. Mwalimu alinikonyeza."

"Ukasema?"

"Nikawaambia kushoto. Mzee mmoja wao akashangaa, akamwita daktari wao alibonyeze." Alifuta damu mdomoni. "Wameniandika katika akiba. Si timu ya kwanza. Watanitibu kwanza, halafu mwezi wa nne wataangalia."

Rajkali alipaka mafuta ya haradali pembeni mwa plasta ili isimng'oe nywele, akaanza kuibandua taratibu. Akiba. Alilizungusha neno hilo kichwani. Halikuwa kubwa. Lilikuwa na goti zima ndani yake.

"Mama angenifunga la kulia," alisema Sheetal.

"Angekufunga la kulia, na angecheka."

"Nafikiri hivyo." Msichana akalaza kichwa kwenye bega la bibi yake, kizito, chenye jasho, na Rajkali akaendelea kubandua kwa mkono mmoja.

Kivuli kikawaangukia. Alikuwa Babli, mkono mmoja umekumbatia mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Niambie ukweli, mechi imekwisha. Lilikuwa lipi?"

"Lile lililofungwa."

Babli alicheka mpaka akakohoa. "Haya, nimekubali, wewe ni mwamba. Hutasema hata ukichomwa." Kisha kicheko kikapungua. Alitazama nyuma, akahakikisha wenzake wako mbali. "Tuna mechi nyingine mchana. Mfungaji wetu hakuja, harusi ya dada yake. Unaweza..."

Mikono yake yote miwili ilikuwa imezungushiwa plasta chakavu, kulia nene, kushoto nyembamba.

"Keti," alisema Rajkali. "Upi unauma?"

Babli alikaa. Alitazama nyuma mara ya pili. Kisha, taratibu, akaficha wa kulia mgongoni, akamkabidhi bibi kidole gumba cha kushoto, kilichovimba na kugeuka bluu.

Rajkali alikipokea kwa viganja viwili. Kilikuwa cha moto. Alikishika hivyo kidogo kabla ya kutafuta mwanzo wa plasta.