Marehemu Gego la Bi Hija

Bi Hija wa Gongo la Mboto alikuwa na meno ya kuchekea, tena mazuri, ila la kufanyia kazi chini lilibaki moja tu. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu kama uwanja wa mpira. Kulia, chini, ndipo lilipokaa hilo gego, likigongana na mwenzake wa juu mithili ya kinu na mchi. Likienda hilo, basi ni uji mpaka kiyama. Na uji Bi Hija haupendi. Husema ni chakula cha wasioweza kujitetea.

Likaanza kuuma. Akalitia karafuu, akalisukutua kwa maji ya chumvi, akameza vidonge vya duka la dawa. Maumivu yalilala, yakaamka na ndugu zao. Shavu lilipoumuka kama andazi, akaenda kwa Dakta Demetria, daktari wa meno.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Usiling'oe."

"Hata sijaliona!"

"Nakwambia kabla hujaliona."

Likapigwa picha. "Bibi," daktari akasema, "ndani ya jino mna kiini, kama utambi ndani ya mshumaa. Chako kimeoza, kimekufa. Vidonge vinatuliza tu, havitoi uozo. Lakini jino lenyewe linabaki. Nakuchoma ganzi, natoboa juu, natoa kilichokufa, nasafisha mizizi, natia dawa na kufunika kwa muda. Wiki ijayo unarudi nilijaze kabisa."

"Litauma?"

"Ganzi ikishika, utasikia nakusukumasukuma tu."

Ikawa hivyo. Bi Hija alikuwa amejiandalia matusi mawili matatu ya kumpa daktari, akakosa pa kuyatumia. Alichochoka ni kuachama tu. Siku mbili fizi zilimwuma kidogo kama aliyepigwa ngumi, ya tatu kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomponza. Siku ya kurudi ilipofika, alikuwa barazani kwake anabangua korosho, moja bakulini, moja mdomoni. Jirani yake Kornelio, fundi cherehani, akamchungulia. Kornelio Mnyamwezi, Bi Hija Mzaramo. Hao ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hamwogopi mtani kwa umri wala kwa msiba.

"We bibi, leo si siku ya daktari?"

"Nikafanyeje? Limetulia. Na mwenyewe kasema limekufa. Aliyekufa anaumwa?"

Kornelio akasimamisha cherehani. "Limekufa?"

"Limekufa."

"Na limo humohumo?"

"Limo."

"Inna lillahi!" akasema Mkristo yule, mikono kichwani. "Wazaramo nyie! Maiti yumo ndani, mnakula korosho!"

Akachukua kipande cha bafta, akakata sanda ya ukubwa wa ukucha, akaipiga na pindo. Akatandika mkeka mlangoni kwa Bi Hija, akaangua kilio. "Uwiii, gego letu! Limetuacha na bibi yake hajui hata kupika uji!" Muuza mboga aliyekuwa akipita akatua beseni lake, akatoa pole, akauliza mazishi saa ngapi.

"Ondoka hapa, mla michembe ya viazi we!" Bi Hija akafoka, huku mbavu hana.

"Mtani haondoki msibani mpaka maiti azikwe. Hebu sema, daktari alilifanyaje?"

"Alilifungua, akaliosha."

"Kuosha tayari. Kisha?"

"Akatia dawa, na kipamba."

"Pamba tayari! Kisha?"

"Akafunika, kwa muda. Kasema nirudi lijazwe."

"Ndo kuzika kwenyewe huko! Bibi, umeosha maiti, umemtia pamba, halafu umemwacha sebuleni wiki nzima na joto hili la Dar!"

Bi Hija akacheka mpaka machozi. Katikati ya kicheko ulimi ukapita juu ya gego, ukakuta tundu. Kifuniko kimemeguka, na chenga ya korosho imejikalia ndani. Kicheko kikakatika. Akauona uji, bakuli baada ya bakuli, mpaka kufa kwake.

"Kornelio," akasema taratibu, "nisindikize."

Dakta Demetria alilichungulia, akapumua. "Umewahi, bibi. Ungengoja kidogo uchafu ungeshuka mpaka mizizini, utunge usaha upya, na mie ningebaki na koleo la kung'olea tu." Akasafisha tena. Safari nyingine akajaza mizizi kwa vijiti laini vya mpira, akaziba juu. "Sasa jino lisilo na kiini hupasuka upesi. Usilitafunie kigumu mpaka nilivike kofia."

"Kofia!" Kornelio akadakia mlangoni. "Wazaramo hata mkifa mnataka kupendeza!"

Bi Hija alikuwa na jibu, tena zito. Lakini mdomo ulikuwa na ganzi, likatoka "mwa mwi-mwembe," na mate kidevuni. Kornelio akainama kwa adabu kama aliyeombewa dua.

Kofia ilivikwa. Jumapili moja Bi Hija alikaa na paja la kuku wa kienyeji, jogoo mzee mwenye nyama ya kubishana.

"Marehemu hajambo?" Kornelio akauliza.

Bi Hija akatafuna, akameza, akajifuta midomo.

"Hajambo. Anakula kuliko alipokuwa hai."