Nyuzi Nne za Ukutani

Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku ile lilikuwa limeshakufa.

Shemeji yangu haoni. Dada yangu, mkewe, alimsomea kila jioni kwa miaka kumi na moja: magazeti, barua, hata maandishi ya pakiti ya sabuni akitaka kumchekesha. Alijirekodi kwenye kompyuta ya sebuleni, ili mumewe apate kusikiliza wakati dada yuko kazini. Tulimzika miezi miwili iliyopita. Zile rekodi ndizo alizobaki nazo shemeji. Vingine vyote unaweza kubeba ukaenda navyo.

Basi ile kompyuta ikaanza kugonga ndani, tik, tik. Aliyesikia ni yeye. "Shemeji, inakufa hii," akanipigia simu. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo, nikaenda na mpya saa mbili asubuhi. Nikaiweka chumbani, karibu na kitanda alikotaka ikae, nikaanza kuhamisha rekodi kwa waya unaopita ukutani, za zamani kwanza. Ile mbovu sikuthubutu kuizima. Diski ikishaanza kugonga vile, ukiizima huenda isiwake tena.

Skrini ikaandika: zimebaki saa tisa.

"Si uilete mpya huku sebuleni, uziunganishe zikiwa pamoja?" shemeji akauliza.

"Niachie kazi yangu, bwana! Waya wa ukutani niliuweka mwenyewe. Mchawi wa kuchelewa ni hiki kisanduku cha intaneti, waya unakopitia."

Nikakiandama kisanduku. Nikakisogeza, nikabadilisha mipangilio, nikatukana kiwanda kilichokitengeneza. Mwendo ni ule ule wa kinyonga. Saa tano asubuhi, jasho linanitoka, ndipo nikafungua soketi ya ukutani.

Lo! Ndani ya waya zinatakiwa nyuzi nane, zimefungwa nne. Nne nyingine nilizipeleka kwenye kengele ya mlango, miaka sita iliyopita, kwa uvivu wa kuvuta waya wa pili. Dada alisimama pale pale akaniuliza, "Mdogo wangu, haitaleta shida hii?" Nikamjibu hatajua tofauti. Masikini, hakuijua. Lakini kwa nyuzi nne, kazi ya saa moja inachukua saa kumi.

Nikaibeba mpya mbio hadi sebuleni, nikaziunganisha kwa waya mfupi. Dakika thelathini na nane! Rekodi zikawa zinamiminika, nikaanza hata kupiga mluzi, mjinga mimi. Shemeji alikuwa ameweka kiganja juu ya ile ya zamani, kama anayepima homa ya mtoto.

Dakika ya kumi na tatu akasema, "Imenyamaza."

Nikajaribu kila ninachokijua. Tulikuwa tumepata miaka sita. Mitano ya mwisho ilikwenda na diski.

"Kilichotuchelewesha ni nini?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya, haoni. "Ni mimi," nikasema, nikamweleza habari ya soketi, na kengele, na jibu nililompa dada. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Nililia mbele yake kama mtoto, naye akangoja nimalize.

"Niwekee ile ya mwisho iliyofika," akasema.

Ilifika nusu. Dada akatoka kwenye spika, mzima kabisa, anasoma habari za bei ya vitunguu na kuwasema wauzaji. Akacheka. Akakohoa kidogo. "Subiri ninywe maji, mume wangu. Nakuja sasa hivi."

Ikakatika hapo.

Nikanyoosha mkono nizime. Shemeji akaushika.

"Iache," akasema. "Si umemsikia? Amekwenda kunywa maji."