Mbuzi wa Upatanisho

Mnaniuliza kwa nini siku hizi siongei na Bedan. Ngai! Acha niwaambie.

Mzee Galgalo alichinjia bucha za hapa Kiganjo miaka ishirini. Akichinja Muislamu kila mtu anakula, kwa hivyo kila bucha ilimwita yeye. Halafu bomu likalipuka huko mbali, Waislamu wakalaumiwa, na vijana wetu, waliokuwa wakila hiyo nyama, wakamvunjia nyumba na kuchoma chumba ambamo Waislamu walikuwa wakisali. Akahamia Ruiru kwa binti yake.

Miezi minane baadaye ndio kanisa letu likakumbuka upatanisho. Bedan, mzee wa kanisa, akatangaza karamu mtaani Landless. Galgalo alikubali kuja na wenzake, na akasema wazi kwamba siku hiyo ndiyo ataamua kama atarudi. Mimi nikapewa kazi ya kupika kwa sababu nina hoteli.

Kufika asubuhi nakuta mbuzi wawili wametundikwa. Bedan amewachinja mwenyewe, na anatabasamu! Nikamuuliza kama akili ameiacha nyumbani. Akasema nyama ameshaiombea, na yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ati si ndwele! Ni rahisi kusema hivyo kama mlango uliovunjwa si wako. Nilikasirika sana. Lakini nikawasha moto, nikapika.

Wageni walikuja saa saba, wamevaa vizuri. Galgalo aliitazama sahani yake, akauliza polepole ni nani alichinja. Watu wazima wakaanza kuangalia viatu vyao. Nikamwambia ni Bedan. Bedan naye akaanza kueleza kwamba sote tunaabudu Mungu mmoja.

Galgalo hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

“Mama Ciku, namba yangu ya simu uliifuta?”

“Hapana, Mzee. Ninayo.”

“Basi tangu asubuhi ulikuwa unangoja nini?”

Nikaiondoa ile sahani mbele yake. Wakamaliza soda zao, wakatushukuru kwa heshima, wakarudi Ruiru. Galgalo hajarudi Kiganjo mpaka leo.

Hata hawajafika barabarani, Bedan akasema hawa watu hawaridhiki, na nyama isipoe bure. Watu wakashika sahani, wakapanga laini mbele yangu. Na mimi, na hasira yangu yote, nikawapakulia.