Madirisha ya Bibi Uulkan

Haya nilisimuliwa na Nurzat tukichambua sufu, majira ya kunyoa kondoo yaliyopita, mtoto wake akiwa hajaota hata jino.

Nurzat ameolewa na mjukuu wa Bibi Uulkan. Nyumba ya bibi iko mwisho wa kijiji, na madirisha yake hayatulii. Siku akili yake ikiwa nyepesi huwa manne, naye hukata nakshi za zulia bila kuchora. Siku akili ikimlemea hubaki moja, upande wa zizi, naye huita farasi waliokufa zamani. Watu huyahesabu kutoka barabarani kabla ya kwenda kumwuliza jambo.

Daktari wa mjini alifika siku ya dirisha moja. Akasema bibi asiachiwe moto, ufunguo wala mtoto. Nurzat akamwomba arudi siku nyingine. Akajibu siku moja yamtosha.

Kwetu mtoto hulazwa mara ya kwanza katika beshiki, kitanda chake cha kubembezwa, na bibi mkubwa wa ukoo. Akilazwa na mkono mwingine, usingizi humpita. Nurzat aliutaka mkono huo.

Siku ya karamu ya beshiki Toktosun, mwana wa Uulkan na baba mkwe wa Nurzat, alihesabu madirisha. Mawili.

“Sabira atamlaza,” akasema. “Daktari alishasema.”

Jirani Sabira alikuwa anatafuna. “Mimi? Nina madirisha sita na mbuzi wangu siwaoni mpaka wamalize kabichi. Mpe mama yako.”

“Akimwangusha?”

“Nitakaa naye macho, baba,” akasema Nurzat.

Uulkan akafukiza beshiki kwa majani ya archa, mti ambao moshi wake hufukuza mabaya. Jina la mtoto lilimtoka, akamwita kwa la marehemu kaka yake. Mikono lakini ilifunga vitambaa, haikubana, haikulegeza.

“Si mkono wangu,” akasema, “ni wa Mama Umay, mlinzi wa watoto.”

Dirisha la tatu likafunguka kando ya jiko. Sabira akasogea na kikombe chake, jua lilikuwa linampiga machoni.

“Ufunguo wa ghala unabaki kwangu,” akasema Toktosun. “Daktari hakutaja madirisha.”

Jioni wageni walitawanyika, mtoto akalala, Toktosun akakoroma. Uulkan alikuwa bado anabembeza.

“Huyu wa nani?”

“Wako, bibi.”

“Na wewe?”

“Wako pia.”

“Basi tumetimia.” Akasinzia, mkono juu ya beshiki, nao ukaendelea kubembeza. Nurzat, aliyeahidi kukaa macho, aliutazama kitambo, kisha naye akajifunika, akalala.